"Homa Tu": Kauli Inayowaponza Wenye Saratani

Ipo kauli moja ambayo sisi Wakenya huitoa kwa wepesi kama mtu atoaye salamu njiani: "Ni homa tu." Mwanafunzi akikosa kufika darasani Jumatatu, ni homa tu. Mwalimu akifundisha huku akipenga kamasi na sauti ikimkwama kooni, ni homa tu. Mama wa nyumbani huchemsha tangawizi, akakamulia limau na kutia asali, na baada ya siku tano au sita mambo huwa yamekwisha. Kwa mtu mwenye afya njema kauli hiyo aghalabu huwa ya kweli, na wala sina haja ya kugombana na waisemao. Lakini wapo ndugu zetu ambao kwao kauli hiyo ni mtego. Hao ni wale wanaotibiwa maradhi ya saratani. Kwao homa hiyo hiyo tunayoidharau yaweza kuwa safari ya kwenda hospitali, na pengine isiwe na marejeo. Na la kusikitisha zaidi ni kwamba ipo chanjo ya kuwapunguzia hatari hiyo, nao wengi hawajaambiwa kwamba ipo.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mwalimu wa isimu anatafuta nini wodini? Je, madaktari wamekwisha? La hasha. Madaktari wapo, nao wameandika mengi kuhusu jambo hili, ila karibu yote wameyaandika katika lugha ambayo mgonjwa wa Kakamega au wa Kilifi haimfikii. Nilivutwa na suala hili kwa sababu ya neno. Mwenzangu mmoja wa idara, aliyekuwa akipata matibabu ya saratani ya matiti, alinieleza kwamba katika miezi yote ya matibabu yake hakuna aliyemtajia chanjo ya influenza. Alipouliza mwenyewe, mhudumu mmoja alimjibu kuwa homa haina chanjo, homa huisha yenyewe. Nilipolitafakari jibu hilo niliona kwamba kiini chake si ujinga wala uvivu. Kiini chake ni neno "homa".

Tulichunguze neno hilo. Kwa Mswahili wa Lamu au Mombasa, na vivyo hivyo kwa jirani zetu wa Tanzania, homa ni joto la mwili kupanda kupita kiasi. Mtu anayetokwa na kamasi na kupiga chafya hana homa, ana mafua. Kwa Mkenya wa bara, hasa wa Nairobi na viunga vyake, neno limehama. "Nina homa" huwa na maana ya kwamba pua zimeziba na kichwa kinagonga. Ndiyo maana ugonjwa uliowakumba kuku miaka ya 2005 na 2006 uliitwa homa ya ndege katika magazeti yetu, ilhali Watanzania waliuita mafua ya ndege. Juu ya hayo tuna homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya manjano, homa ya Bonde la Ufa, na homa ya nguruwe iliyotufikia Juni 2009. Jina moja limebebeshwa mizigo isiyolingana: upande mmoja makamasi ya kawaida ambayo hata mtoto huyacheza, upande mwingine maradhi yanayoua kwa siku chache.

Katikati ya mrundiko huo ndimo ilimofichwa influenza, ugonjwa ambao Kiswahili chetu cha kila siku hakijautenga na mafua ya kawaida. Wanasayansi wameutenga tangu zamani. Virusi vya influenza vinavyowashika binadamu viligunduliwa mwaka wa 1933 mjini London na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw. Si virusi vile vile viletavyo mafua madogo madogo. Influenza huja kwa kishindo: joto hupanda ghafla, viungo vyote huuma, kikohozi kikavu humkaba mtu, na mwenye nguvu zake hulala kitandani kama gogo. Jina lenyewe ni la Kitaliano, nalo lilimaanisha athari, yaani athari ya nyota za mbinguni, kwani watu wa kale walidhani ndizo zilizoleta maradhi yanayozuka kwa msimu na kuangusha mji mzima. Shirika la Afya Duniani, WHO, hukadiria kwamba kila mwaka influenza huwashika watu wapatao bilioni moja, milioni 3 hadi 5 kati yao wakaugua vibaya, na wapatao 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yatokanayo nayo. Hizo si takwimu za "tu".

Historia yetu wenyewe inao ushahidi. Janga la influenza la 1918, linalokadiriwa kuua watu wapatao milioni 50 ulimwenguni, liliingia humu nchini kupitia bandari ya Mombasa, likafuata reli hadi bara wakati wapagazi wa vita, wale ambao jina lao la Kikosi cha Wachukuzi limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, walikuwa wakirejea makwao wamedhoofika. Kwa Wakikuyu ugonjwa huo uliacha jina la kimiri. Wazee wetu, kumbe, walikuwa na neno la pekee kwa jambo la pekee. Sisi wasomi ndio tuliolipoteza.

Tugeukie sasa upande wa pili, saratani. Neno hili tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mdudu wa baharini mwenye magando. Wayunani na Warumi nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa kuwa waliona uvimbe na mishipa iliyotanda kandokando yake kama miguu. Kansa, neno tulilolikopa kwa Waingereza, ni kaa yule yule aliyepitia njia nyingine. Katika mwaka wa 2022 pekee, makadirio ya GLOBOCAN yalionyesha zaidi ya wagonjwa wapya 44,000 wa saratani nchini Kenya na vifo zaidi ya 29,000. Ni nadra siku hizi kumpata mwalimu ambaye hana mwenzake wa kazi, mzazi wa mwanafunzi wake, au jamaa yake mwenyewe aliyeguswa na maradhi haya.

Ili kuelewa kwa nini influenza humwelemea mgonjwa wa saratani, hapana budi tuelewe tiba yenyewe. Dawa nyingi za kemotherapia huua chembechembe za mwili zinazozaana kwa kasi. Za saratani huzaana kwa kasi, ndipo dawa ikazipiga. Lakini zipo nyingine za halali ambazo nazo huzaana kwa kasi: za mizizi ya nywele, ndipo nywele zikanyonyoka, za utando wa tumbo na kinywa, ndipo kukawa na kichefuchefu na vidonda, na za uboho wa mifupa, kiwanda cha damu. Kiwanda hicho kikipigwa, chembechembe nyeupe ambazo ni askari wa mwili hupungua. Mara nyingi hupungua kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa kutiwa mshipani, kisha zikaanza kujikusanya upya, na kabla hazijatengemaa vizuri mgonjwa hurudi hospitalini kwa awamu nyingine. Mwenye saratani ya damu au limfoma ana msiba juu ya msiba, kwani ugonjwa wenyewe umeshika kambi ya askari hata kabla ya dawa.

Mtu wa namna hii akishikwa na influenza, virusi hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa mtu mwingine. Mapafu huweza kuvamiwa, kisha bakteria wakaja nyuma kama fisi nyuma ya simba. Na hata anapopona, hasara haijaisha: awamu ya matibabu huahirishwa juma moja au mawili, wakati mwingine zaidi, na saratani haina desturi ya kumsubiri mtu apone mafua.

Hapa utata wa neno "homa" unakuwa jambo la kufa na kupona, na naomba msomaji anivumilie nilikazie kidogo. Madaktari wa saratani huwaonya wagonjwa wao kwamba joto la mwili likifika nyuzi 38 wakati wa kemotherapia, ni dharura. Aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, kwani huenda bakteria wameingia damuni na hakuna askari wa kuwazuia. Sasa tuseme mgonjwa yuko Nakuru au Embu, anapiga simu kwa binti yake na kusema, "Leo nina homa." Binti amelelewa katika Kiswahili cha mjini, anasikia mafua. Anamwambia, "Pole mama, kunywa kitu cha moto ulale." Yule mama alimaanisha moto unaowaka mwilini. Kufikia asubuhi mambo yameharibika. Kosa hilo huwezi kulibandika kwa mtu yeyote, maana kila mmoja alisema Kiswahili kilicho sahihi kwa kwao. Ndiyo sababu ningependa kila mgonjwa anayeanza kemotherapia apewe kipimajoto, kitu cha bei ndogo kikilinganishwa na gharama za tiba, na afundishwe kutaja nambari badala ya neno. Thelathini na nane haina lahaja.

Tuje kwenye chanjo. Neno hili linatokana na kuchanja, kutia chale, na bila shaka lilifaa sana enzi za ndui ngozi ilipokwaruzwa ili dawa ipenye. Limebaki na harufu ya kuingiziwa ugonjwa mwilini, na nadhani harufu hiyo ndiyo huwatia watu wasiwasi. Hivyo basi swali la kwanza ambalo mgonjwa wa saratani huuliza ni la busara kabisa: mtu ambaye kinga yake imelala, mnamtiaje virusi kwa makusudi? Jibu ni kwamba chanjo ya influenza itolewayo kwa sindano haina virusi hai. Virusi hukuzwa, mara nyingi ndani ya mayai ya kuku, kisha huuawa na kuvunjwavunjwa, na vinavyoingia mwilini ni vipande tu, mfano wa picha ya mhalifu inayosambazwa vituo vya polisi. Picha haiibi. Baada ya chanjo mkono unaweza kuuma, na mwili ukachoka kwa siku moja au mbili, lakini chanjo hiyo haiwezi kumpa mtu influenza. Ipo chanjo nyingine, ya kupuliziwa puani, ambayo ndani yake mna virusi hai vilivyodhoofishwa. Hiyo haiwafai watu wenye kinga duni, na mwenye saratani anayetibiwa asikubali kupewa.

Aidha, isichanganywe na chanjo ya HPV iliyozinduliwa rasmi nchini mwaka wa 2019 kwa wasichana wadogo. Ile ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi isizuke. Hii tunayoizungumzia haizuii saratani wala haiiponyi, bali humlinda mwenye saratani dhidi ya ugonjwa mwingine. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakizichanganya, na kwa kuwa zote mbili hutajwa pamoja na neno saratani, siwashangai.

Je, inafanya kazi? Hapa sitaki kumlaghai mtu, kwani chanjo nyingi zimeharibiwa sifa na watetezi waliozidisha chumvi. Mwili ulionyang'anywa askari hauwezi kuitikia chanjo kama mwili mzima. Mwaka wa 2018 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kupembua utafiti wa tiba bila upendeleo, ilichapisha uchambuzi kuhusu chanjo ya influenza kwa watu wazima wenye saratani ambao kinga yao imepungua. Walipata tafiti 6 tu zilizofaa, zenye jumla ya watu 2,275. Hitimisho lao lilikuwa la tahadhari: ushahidi ni hafifu, lakini unaelekea kuonyesha vifo vichache zaidi kwa waliochanjwa, na faida yaonekana kushinda madhara. Mwaka uliofuata, 2019, ulitoka utafiti mkubwa zaidi kutoka jimbo la Ontario nchini Kanada, uliotumia kumbukumbu za wagonjwa wa saratani zaidi ya 26,000 waliopimwa influenza. Chanjo ilipunguza uwezekano wa kushikwa kwa asilimia 21. Kwa wenye uvimbe wa kawaida, kama wa matiti au utumbo, ilikuwa asilimia 25. Kwa wenye saratani za damu, asilimia 8 tu.

Asilimia 21! Najua yupo atakayecheka. Kwa watu wenye afya, chanjo inapooana vizuri na virusi vya mwaka huo, kinga huwa kati ya asilimia 40 na 60, na hata hiyo wengine huiona ndogo. Lakini mimi husoma takwimu hii hivi: katika kila wagonjwa 100 ambao wangeshikwa na influenza, 21 hawashikwi, kwa sindano moja isiyo na madhara makubwa. Mwalimu gani atakataa mbinu ya kufundishia ambayo katika kila wanafunzi 100 wanaokaribia kuanguka mtihani inawaokoa 21? Tungeiandikia tasnifu.

Kinachoongeza au kupunguza manufaa ni wakati. Mwili huhitaji kama majuma mawili kuunda kingamwili baada ya chanjo, na huhitaji askari wa kuziunda. Ndiyo maana wataalamu hushauri, pale inapowezekana, mgonjwa achanjwe angalau majuma mawili kabla ya kuanza kemotherapia. Ikiwa tayari ameanza, daktari atatafuta mwanya kati ya awamu mbili. Anayepata dawa ya rituximab, ambayo huangamiza chembechembe zile zile zinazounda kingamwili, huenda asipate faida mpaka miezi kama 6 ipite, na hali ni hiyo pia kwa aliyepandikizwa uboho. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa maradhi ya kuambukiza cha Marekani wa 2013 ulisema waziwazi kuwa wanaotumia dawa za aina hiyo na wanaopewa kemotherapia kali ya kuanzia saratani ya damu hawaelekei kunufaika. Mwenye chembe chache za kugandisha damu amkumbushe muuguzi kabla ya sindano. Haya yote huamuliwa na daktari wa mgonjwa mwenyewe, ila mgonjwa asiyejua kwamba jambo lipo hawezi kuliuliza.

Kwa nini chanjo irudiwe kila mwaka? Swali hili hunifurahisha, kwa sababu jibu lake ni la isimu tupu. Mwanaisimu Edward Sapir alieleza mwaka wa 1921 jinsi lugha inavyosogea kidogo kidogo kama mashua iliyo katika mkondo: sauti moja hulegea hapa, nyingine hupotea kule, hakuna aliyekata shauri, lakini baada ya vizazi wajukuu hawawaelewi mababu. Virusi vya influenza hufanya vivyo hivyo, ila kwa miezi badala ya karne. Kila vinapozaana hukosea herufi, makosa hujumlika, na kinga ya mwaka jana hubaki ikilinda lugha ambayo haizungumzwi tena. Kwa hiyo WHO huwakutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wakachagua virusi vitakavyotiwa katika chanjo ya msimu ujao. Lahaja hufa pia: tawi moja la influenza B, liitwalo Yamagata, halijathibitishwa popote tangu Machi 2020, na mwaka wa 2023 WHO ilishauri litolewe katika chanjo.

Kenya imekaa pale pale kwenye mstari wa ikweta, na hapa msimu wetu hauna adabu. Ulaya influenza huja na baridi, ikaondoka nayo. Kwetu huzunguka mwaka mzima, ikipanda na kushuka. Hivyo mgonjwa wa kwetu hana haja ya kungoja Oktoba kwa sababu Mwingereza hungoja Oktoba. Akutane na chanjo mapema katika safari yake ya tiba, mwezi wowote ule.

Sasa niwaendee wasomaji wangu wenyewe, walimu na wanafunzi, kwa sababu jambo hili haliishii kwa mgonjwa. Kama mwili wa mgonjwa hauwezi kujijengea ukuta imara, ukuta ujengwe na wanaomzunguka. Miongozo yote ninayoijua inashauri kwamba wanaoishi na mgonjwa nao wachanjwe, pamoja na wauguzi wanaomhudumia. Na nani huleta influenza nyumbani? Hakuna soko la virusi lililo bora kuliko darasa la wanafunzi 60 waliobanana madawati, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, au bweni lenye vitanda vya ghorofa vilivyotengana kwa shubiri mbili. Mwanafunzi anayerudi nyumbani likizo kwa mama anayetibiwa anarudi na ripoti ya mtihani mkononi na pengine virusi kifuani. Mwalimu anayeendelea kufundisha baina ya awamu za tiba, nao ni wengi maana mshahara hauna likizo, anasimama mbele ya vikohozi 60 kila asubuhi. Wapo pia watoto wenyewe wenye saratani. Hao huweza kuchanjwa tangu umri wa miezi 6, na mtoto asiyetimiza miaka 9 anayechanjwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili zilizopishana kwa majuma manne. Mwalimu mkuu anayejua kwamba darasa fulani lina mtoto wa namna hiyo anaweza kufanya mengi bila senti hata moja: kufungua madirisha, kumketisha mbali na wanaokohoa, na kuwaruhusu wagonjwa wakae nyumbani badala ya kuwasifu kwa kuhudhuria huku wakitetemeka. Tuzo za mahudhurio kamili ningezifuta leo kama ningepewa kalamu.

Serikali yetu je? Chanjo ya influenza haimo katika ratiba ya chanjo za taifa. Mwaka wa 2016 kamati ya kitaifa ya kuishauri Wizara ya Afya kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe. Pendekezo lilibaki pendekezo. Mwenye saratani anayetaka chanjo huenda kwenye hospitali ya binafsi au duka kubwa la dawa mjini, akalipa mfukoni mwake, kama ana habari, kama ana fedha, na kama ipo. Lakini WHO katika msimamo wake wa 2022 imewataja wenye maradhi ya kudumu miongoni mwa makundi ya kutangulizwa, sambamba na wahudumu wa afya, wazee na wajawazito. Wala si kweli kwamba nchi hii haiwezi. Mwaka wa 2010, baada ya homa ya nguruwe, Kenya ilipokea msaada wa zaidi ya dozi laki saba za chanjo ya influenza na kuzigawa. Tupige hesabu nyepesi: tukimchanja kila mgonjwa mpya wa saratani wa mwaka mmoja pamoja na watu wawili wa nyumbani mwake, hatufiki dozi 140,000. Na wagonjwa hawa hatuhitaji kuwatafuta vijijini kwa vipaza sauti. Wanakuja wenyewe, kwa miadi, Hospitali Kuu ya Kenyatta, Moi kule Eldoret, na vituo vya saratani vya Mombasa, Nakuru, Garissa na kwingineko. Friji za chanjo zipo karibu yao.

Upo upinzani ninaouheshimu. Daktari mmoja rafiki yangu huniambia: "Mwalimu, watu wanangoja mionzi kwa miezi, dawa zenyewe haziko, wengi wanafika kwetu maradhi yamekwisha kuenea, nawe unanizungumzia sindano ya mafua?" Hoja yake ina uzito, na kama shilingi ni moja tu, bila shaka iende kwenye dawa ya saratani. Lakini shilingi si moja. Tayari tumetumia nyingi kwa kila mgonjwa aliyefika awamu ya tatu ya kemotherapia, na kumwacha aanguke kwa ugonjwa unaozuilika ni kuteka maji kwa mtungi mzuri wenye tundu. Isitoshe, kulazwa siku kumi kwa homa ya mapafu kunagharimu kuliko dozi nyingi za chanjo. Namkubalia kwamba asilimia 8 kwa saratani za damu ni ndogo, na kwao ningeelekeza nguvu zaidi kwa jamaa zao. Simkubalii aliposema "sindano ya mafua", na nilimwambia hivyo. Neno lile lile limerudi kwa mlango wa nyuma.

Katiba ya 2010 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, ikampa pia kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Ibara hizo mbili hazijawahi kutambulishana. Fomu nyingi ambazo mgonjwa hutia saini kabla ya kemotherapia zimeandikwa kwa Kiingereza, na maelezo hutolewa kwa mchanganyiko wa lugha mbili ambamo "homa" hubeba kila kitu. Ningependekeza kwa wenzangu wa Kiswahili vyuoni, na kwa walimu wanaotafuta miradi ya wanafunzi wao, kazi moja isiyohitaji ruzuku: kuandika kadi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi ambayo kila anayeanza tiba ya saratani atapewa pamoja na kadi yake ya miadi. Influenza iitwe influenza, mafua yaitwe mafua, na joto lipewe nambari. Chini yake yawepo maswali manne ya kumwuliza daktari: Je, nichanjwe influenza kabla ya kuanza dawa, au lini baada ya kuanza? Je, ni ya sindano au ya puani? Je, nani nyumbani kwangu achanjwe pamoja nami? Na nikishikwa na influenza nije upesi kiasi gani? Jibu la hilo la mwisho ni siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa ya oseltamivir husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Kadi hiyo isomwe kwa sauti na mtu wa Lamu, wa Nairobi na wa Busia kabla ya kuchapishwa, na pale watakapotofautiana neno libadilishwe.